Walimu wa Kilimo Wanapobadilishana Nchi: Funzo la Mpunga

Katika mafunzo ya kilimo cha mpunga nchini Tanzania, somo la mbegu huweza kuanza kwa vitu vitatu tu: ndoo ya maji, chumvi ya kawaida na yai bichi la kuku. Yai hutiwa katika maji matupu, nalo huzama. Chumvi huongezwa kidogo kidogo huku maji yakikorogwa, mpaka yai lile lianze kuelea. Hapo yai hutolewa na mbegu humiminwa ndani. Mapepe na punje zilizojaa nusu huelea juu, nazo huondolewa. Punje nzito hutua chini. Hizo ndizo zinazooshwa kwa maji safi na kupelekwa kitaluni.

Mtazamaji aweza kudhani kwamba njia rahisi kama hii ilizaliwa papo hapo kijijini. Kumbe ilianza kufundishwa nchini Japani mwaka 1882, na aliyeianzisha alikuwa mwalimu wa shule ya kilimo. Mwalimu huyo naye alikuwa amesoma katika chuo kilichofundishwa na wageni. Kwa hiyo ndani ya ndoo ile mna historia ya zaidi ya miaka mia ya walimu wa kilimo waliovuka mipaka ya nchi zao, wengine kwenda kufundisha na wengine kwenda kujifunza.

Programu za kubadilishana walimu wa kilimo baina ya mataifa huzungumzwa mara nyingi kana kwamba ujuzi ni gunia la mbolea, ambalo hupakiwa melini katika bandari moja na kupakuliwa katika bandari nyingine bila kupungua wala kubadilika. Historia ya mpunga yaonyesha kwamba sivyo. Kinachosafiri salama ni namna ya kuuliza na kupima. Majibu hayana budi kutafutwa upya katika udongo, maji na hali ya hewa ya kila nchi. Taifa lisilolitambua jambo hili laweza kupeleka walimu wengi ng'ambo na bado likakosa chakula cha kutosha.

JAPANI ILIPOKUWA MWANAFUNZI

Baada ya mageuzi makubwa ya mwaka 1868, serikali ya Japani iliazimia kujifunza haraka sayansi ya mataifa ya Magharibi. Kilimo kilikuwa miongoni mwa masomo yaliyopewa uzito, na mwaka 1876 walimu wa kigeni walifika katika sehemu mbili za nchi hiyo.

Sehemu ya kwanza ilikuwa Sapporo, katika kisiwa cha kaskazini cha Hokkaido. Huko alialikwa William Smith Clark, mkuu wa Chuo cha Kilimo cha Massachusetts nchini Marekani, ili asaidie kuanzisha chuo cha kilimo. Clark alikaa miezi ipatayo minane tu, lakini chuo hicho kiliendelea na hatimaye kikawa Chuo Kikuu cha Hokkaido. Hokkaido ni nchi ya baridi, na wakati huo ilikuwa na ardhi kubwa isiyolimwa. Ufugaji wa ng'ombe, kilimo cha ngano na mahindi, na matumizi ya zana zilizokokotwa na farasi vilipata nafasi huko kwa sababu mazingira yake hayakuwa mbali sana na yale ya Marekani ya kaskazini.

Sehemu ya pili ilikuwa Tokyo, ambako chuo kilichokuja kujulikana kwa jina la Komaba kilipata walimu kutoka Uingereza. Hawa walikuwa watu wenye elimu, lakini elimu yao ilitokana na mashamba makubwa makavu ya ngano, malisho na mifugo. Mkulima wa Japani alikuwa na vijaruba vidogo vilivyojaa maji, na zao lake kuu lilikuwa mpunga. Mengi ya mafunzo yale hayakuweza kuingia katika jaruba. Kosa halikuwa la akili ya mwalimu wala la bidii ya mwanafunzi. Kilichokosekana ni daraja baina ya somo na shamba.

Daraja hilo lilijengwa kutoka pande mbili. Kwa upande mmoja, chuo kilimwajiri Funatsu Denjibei, mkulima mzoefu aliyesifika kwa maarifa yake, ili asimamie mashamba yaliyolimwa kwa desturi ya wenyeji. Kwa upande mwingine, mwaka 1881 alifika Oskar Kellner, mwanakemia kutoka Ujerumani, ambaye alikaa zaidi ya miaka kumi. Kellner aliichukua sayansi yake ya mbolea akaishusha ndani ya maji ya mpunga. Alifanya majaribio kujua ni kiasi gani cha virutubisho ambacho zao hilo, katika udongo ule, lilihitaji. Jaruba linalohusishwa na jina lake lingalipo Tokyo, na wanafunzi wa shule ya sekondari iliyo karibu hulilima mpunga hadi leo.

MWALIMU NA MAJI YA CHUMVI

Miongoni mwa vijana waliohitimu Komaba alikuwamo Yokoi Tokiyoshi, ambaye baadaye alikwenda kufundisha katika shule ya kilimo huko Fukuoka, kusini-magharibi mwa Japani. Mwaka 1882 ndipo alipoanza kueneza uchaguzi wa mbegu kwa maji ya chumvi.

Sayansi ya njia hii ni ile inayofundishwa katika madarasa ya fizikia. Kila kitu kina densiti, yaani uzito wake ukilinganishwa na nafasi kinayoijaza. Kitu chenye densiti ndogo kuliko ile ya kimiminiko huelea. Chenye densiti kubwa zaidi huzama. Densiti ya maji safi huhesabiwa kuwa 1. Pepe, kwa kuwa ndani yake mna hewa, huelea hata katika maji safi. Lakini punje iliyojaa nusu yaweza kuzama katika maji hayo pamoja na punje iliyojaa kabisa, na mkulima asiweze kuzitofautisha. Chumvi inapoyeyushwa, densiti ya maji hupanda, na ile punje ya nusu huinuka. Hivyo maji hugeuka kuwa mizani inayopima maelfu ya punje kwa mara moja.

Faida yake yatokana na chakula kilichomo ndani ya punje. Mche mchanga, kabla haujapata majani na mizizi ya kujitegemea, huishi kwa wanga uliowekwa akiba katika mbegu. Akiba ikiwa kubwa, mche huwa imara na hustahimili kung'olewa kitaluni na kupandikizwa. Akiba ikiwa ndogo, mche huanza maisha yake ukiwa na njaa.

Hapa pana jambo ambalo kila mwalimu anayesafiri yafaa alizingatie. Kwa mpunga wa kawaida wa Japani, kipimo kilichopendekezwa kilikuwa densiti ya 1.13, ambayo hupatikana kwa kuyeyusha gramu 220 hivi za chumvi katika lita moja ya maji. Kwa mpunga wa kunata wa nchi hiyo hiyo, kipimo kilikuwa 1.08 tu, sawa na gramu 125 hivi kwa lita. Ikiwa ndani ya nchi moja aina mbili za mpunga zilihitaji vipimo viwili, ni wazi kwamba mpunga mrefu wa nchi za joto, ambao umbo la punje yake na nafasi iliyo baina ya kiini na ganda ni tofauti, hauwezi kupewa namba ya Japani bila kujaribiwa kwanza. Mwalimu atakayeishika 1.13 kama sheria atatupa mbegu nyingi njema na kumtia mkulima hasara. Mwalimu aliyeelewa kwa nini yai huelea ataweza kutafuta namba inayofaa kwao.

KUTOKA JAPANI HADI KILIMANJARO

Mwaka 1954 Japani iliingia katika Mpango wa Colombo, uliokuwa chombo cha ushirikiano wa maendeleo kusini na kusini-mashariki mwa Asia. Nchi iliyokuwa ikialika walimu ikaanza kuwapeleka wake na kuwapokea wa wenzake. Shirika la Japani la Ushirikiano wa Kimataifa, JICA, lilianzishwa mwaka 1974, na kituo chake cha Tsukuba kimewapokea watumishi wa kilimo kutoka Asia, Afrika na Amerika ya Kusini kwa mafunzo ya mpunga, mboga na umwagiliaji.

Katika Tanzania, ushirikiano huo ulijikita mkoani Kilimanjaro. Wageni hawakukuta watu wasiojua umwagiliaji. Wachaga walikuwa wamechimba mifongo kwenye miteremko ya mlima tangu zamani, na walikuwa na taratibu zao za kugawana maji. Jambo jipya lilikuwa kilimo cha mpunga katika majaruba yaliyosawazishwa, kwenye tambarare iliyo chini ya mji wa Moshi. Mradi wa umwagiliaji wa Moshi ya Chini ulikamilika mwaka 1987, ukiwa na hekta zipatazo 1,100 zilizotengwa kwa mpunga. Mbegu iliyotumika sana ilikuwa IR54, iliyotoka katika Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga nchini Ufilipino. Mavuno yaliyokuwa tani 2 hivi kwa hekta yalipanda hadi kufikia tani 6. Mwaka 1994 kilianzishwa Chuo cha Mafunzo ya Kilimo Kilimanjaro, KATC, huko Chekereni, ili ujuzi uliopatikana hapo ufundishwe kwa wakulima na maofisa ugani wa sehemu nyingine.

Mambo yaliyofundishwa hayakuwa ya ajabu. Jaruba lizungushiwe kingo imara. Udongo uvurugwe na usawazishwe, kwa maana jaruba lenye mabonde huzamisha miche upande mmoja na kuacha magugu yaote upande wa pili. Miche ipandikizwe ikiwa michanga, na kwa mistari iliyopimwa kwa kamba. Nafasi ikiwa sentimita 20 kwa 20, kila shina hupata sentimita za mraba 400, na mita moja ya mraba huchukua mashina 25. Jua huweza kufika chini ya majani, na palizi huweza kufanywa kwa mashine ndogo ya kusukumwa kwa mkono badala ya kung'oa majani kwa vidole, mgongo umeinama kutwa nzima.

MAFANIKIO YALIYOZAA UPUNGUFU

Moshi ya Chini ilitoa pia funzo ambalo halikuwamo katika kitabu cha mwalimu yeyote. Wakulima walioishi nje ya mradi, hasa wale walio upande wa juu wa mito, waliona faida ya mpunga. Nao wakajifunza, wakatafuta mbegu, wakaelekeza maji katika mashamba yao. Kwa kipimo cha elimu huu ulikuwa ushindi mkubwa, kwa sababu ujuzi ulienea bila kusukumwa na mtu. Kwa kipimo cha maji ulikuwa mtihani. Maji yaliyofika katika mifereji ya mradi yalipungua, na eneo lililoweza kupandwa mpunga ndani ya mradi nalo likapungua. Mizozo ya maji ikafuata.

Maarifa yana tabia ya pekee: anayempa mwenzake habaki bila. Maji hayana tabia hiyo. Lita iliyotumika juu ya mto haifiki chini. Programu inayofundisha kilimo cha maji bila kufundisha ugawaji wa maji imefundisha nusu ya somo. Wageni walijua jinsi ya kusawazisha jaruba. Jinsi ya kusawazisha haki za watu wa mto mmoja ilikuwa kazi ya wenyeji wenyewe, na mambo yaliyojulikana katika taratibu za mifongo yangeweza kuwa sehemu ya mtaala.

Njia mojawapo ya kupunguza tatizo hilo ilitoka katika mabadilishano mengine. Nchini Madagaska, katika miaka ya 1980, padri Mfaransa Henri de Laulanié, akifanya kazi pamoja na wakulima wa huko, aliunda mfumo ambao Tanzania huitwa kilimo shadidi cha mpunga. Miche hupandikizwa ikiwa na umri wa siku 8 hadi 12, mche mmoja kwa kila shimo, kwa nafasi ya sentimita 25 kwa 25. Maji hayaachwi yakituama wakati wote, bali jaruba hunyweshwa na kuachwa likauke kwa zamu ili mizizi ipate hewa. Mwaka 2009 mfumo huo ulianza kujaribiwa katika skimu ya Mwea nchini Kenya, na Tanzania nako umefundishwa, hasa mkoani Morogoro. Hapa tena namba zataka kupimwa. Mche wa siku 10 katika joto la pwani hauko sawa na mche wa siku 10 katika baridi ya nyanda za juu, na kukausha jaruba kwa zamu kwahitaji mkulima awe na uhakika kwamba zamu yake ya maji itafika.

UJUZI UNAPOFIKA KWA JIRANI

Swali kubwa kuhusu programu hizi ni kama faida yake humfikia mtu asiyewahi kuingia darasani. Mfano mmoja uliochunguzwa kwa uangalifu ni wa skimu ya umwagiliaji ya Ilonga, wilayani Kilosa. Huko wakulima wachache walifundishwa katika chuo cha kilimo kilicho karibu, kisha wakatakiwa kuwafundisha wenzao. Watafiti walikusanya takwimu za kaya kwa miaka mitano, na matokeo yakatangazwa mwaka 2018. Mavuno ya wakulima waliofundishwa chuoni yalipanda kutoka tani 3.1 hadi 5.3 kwa hekta. Mavuno ya wakulima wa kawaida, waliojifunza kwa kuona na kusikia tu, yalipanda kutoka tani 2.6 hadi 3.7, ingawa kwa kuchelewa.

Nyongeza ya tani 1.1 kwa hekta si jambo dogo. Ikichukuliwa kwamba kilo 100 za mpunga hutoa kilo 65 hivi za mchele, familia yenye nusu hekta huongeza zaidi ya kilo 350 za mchele kwa msimu. Hicho ndicho kinachoitwa uhakika wa chakula kinapotoka katika maandishi ya mipango na kuingia jikoni.

MASHARTI YA MABADILISHANO YENYE MANUFAA

Kutokana na historia hii, masharti manne yanajitokeza.

Kwanza, anayekwenda ng'ambo aende na swali la kwao. Mwalimu aliyeacha nyuma tatizo la majaruba yenye chumvichumvi, au la ghala linaloliwa na dumuzi, atajua atazame nini. Asiye na swali hurudi na picha.

Pili, safari iwe ya pande mbili. Mwalimu mgeni anayefika wakati wa kupandikiza na kukaa mpaka mavuno hujifunza mambo ambayo mwenyeji hawezi kuyaeleza akiwa ugenini: majira ya mvua, kazi za wanawake na wanaume shambani, bei ya soko, ladha ya walaji. Kwa mfano, walaji wengi wa Tanzania waliendelea kuupenda mchele wa Supa kwa harufu yake, ijapokuwa IR54 ilizaa zaidi. Watafiti wa nchini walilijibu hitaji hilo kwa kuzalisha mbegu ya TXD 306, ijulikanayo kwa wakulima kama SARO 5, iliyoidhinishwa mwaka 2002.

Tatu, mwalimu anaporudi apewe shamba la kujaribia. Akirejeshwa kwenye chumba chenye ubao na chaki tu, au akihamishiwa kazi nyingine, gharama ya safari yake imepotea, na wanafunzi wake watapata maneno bila matendo.

Nne, majaribio yaliyoshindwa yaandikwe pia. Komaba isingeajiri mkulima mzoefu wala mwanakemia wa mbolea kama isingekiri kwamba masomo ya awali hayakufaa jaruba.

JARIBIO LA SHULENI

Shule isiyopata nafasi ya kupeleka mwalimu ng'ambo yaweza hata hivyo kushiriki katika kazi hii. Vitakiwavyo ni mbegu za mpunga zinazotumiwa na wakulima wa jirani, chumvi, mizani, yai bichi jipya na vitambaa safi.

Tayarisha vyombo vitatu vyenye lita moja ya maji kila kimoja. Cha kwanza kisitiwe chumvi. Cha pili kitiwe gramu 125. Cha tatu gramu 220. Tumbukiza yai katika kila chombo na uandike linakaa wapi. Katika maji matupu litazama. Katika chombo cha pili, kwa kuwa maji yamekaribia densiti ya 1.08, litakuwa karibu kuelea au linaelea kwa shida. Katika cha tatu litaelea waziwazi. Toa yai, kisha mimina gramu 200 za mbegu katika kila chombo, koroga, na utenge punje zilizoelea na zilizozama. Osha zote mara mbili kwa maji safi bila kuchelewa, maana chumvi ikibaki huharibu uotaji.

Hesabu punje 100 zilizozama na 100 zilizoelea kutoka kila chombo. Zisipotimia 100, tumia zilizopo na ukokotoe asilimia. Ongeza punje 100 ambazo hazikuchaguliwa kabisa. Ziweke katika vitambaa vyenye unyevu, na baada ya siku 7 hesabu zilizoota. Pima pia urefu wa vichipukizi. Ikiwa punje nyingi zilizoelea katika chombo cha tatu zimeota vizuri, basi kipimo cha 1.13 ni kikali mno kwa mbegu hiyo, na mkulima anayekifuata hutupa mali yake. Ikiwa punje dhaifu zimezama katika chombo cha kwanza, basi maji matupu hayatoshi. Kipimo kinachofaa kijiji hicho kitakuwa baina ya hivyo viwili, na wanafunzi wenyewe ndio watakaokipata.

Matokeo hayo yakiandikwa na kulinganishwa na ya shule nyingine iliyo mkoa wa mbali au nchi jirani, mabadilishano ya walimu na wanafunzi wa kilimo yatakuwa yamekwisha kuanza, kabla ya mtu yeyote kukata tiketi ya ndege.